Cherehani Iliyoshuka Chini ya Sifuri

Mwalimu wetu wa uhasibu tulimwita Pande Mbili. Yeye alijua na wala hakukasirika, maana alisema hata jina la utani lina pande mbili: yupo anayelitoa na yupo anayelipokea. Ukimwamkia "shikamoo" alikuitikia "marahaba," halafu akatulia kidogo, kama mtu aliyeandika kitu upande mmoja na sasa anakiandika upande wa pili.

Tulipoingia kidato cha pili alituambia kwamba katika hesabu hakuna kinachoingia pasipo kingine kutoka. Ili tuelewe, akaweka sheria: mwanafunzi akichelewa akaingia darasani, mwingine sharti atoke. "Kinachoingia, kushoto! Kinachotoka, kulia!" Darasa letu lina milango miwili, kwa hiyo jambo likawezekana. Wee! Sijapata kuona wachelewaji wakipendwa namna ile. Mtu akitokea mlangoni anahema, darasa zima linampigia makofi na watu kumi wanagombania kutoka. Kibonge, jirani yangu wa dawati, alifika mahali akachelewa mara tatu katika kipindi kimoja. Anatoka kulia, anazunguka nyuma ya choo, anaingia kushoto, anamtoa rafiki yake, rafiki naye anazunguka. Siku mwalimu mkuu alipowakuta saba wanalizunguka jengo kama ng'ombe wa kinu, sheria ikafutwa. Lakini muulize yeyote wa darasa lile, hata aliyeshika mkia, kushoto kuna nini na kulia kuna nini. Atakujibu huku anakoroma.

Basi tukafika kwenye somo la uchakavu.

Pande Mbili alivua kiatu chake cha kulia akakiweka mezani, juu ya daftari la mahudhurio.

"Kiatu hiki nilikinunua elfu thelathini. Leo mtanipa ngapi?"

"Mwalimu," Kibonge akasema, "tulipe wewe kidogo, tutakutolea nje."

Tulicheka mpaka chaki zikaanguka. Pande Mbili hakucheka. Alisema Kibonge amegusa kiini cha somo bila kukusudia, jambo ambalo kwake lilikuwa kawaida. Akatueleza kwamba mali ya kudumu hushuka thamani kila mwaka. Chukua bei uliyonunulia, igawanye kwa miaka ambayo kitu kinatarajiwa kufanya kazi, kisha punguza kiasi hicho mwaka baada ya mwaka. Akaandika ubaoni: kiti miaka mitano, mkokoteni miaka sita, baiskeli minane, cherehani kumi.

"Kazi ya nyumbani: kila mtu achague mali moja ya kwao, atengeneze jedwali, amsomee mzazi, mzazi atie sahihi. Chini ya jumla mpige mistari miwili. Miwili! Atakayepiga mmoja ni kama aliyevaa suruali mguu mmoja."

Kengele ikalia. "Kuna jambo moja dogo limebaki," akasema huku akitafuta kiatu, ambacho wakati huo kilikuwa kimeshapitishwa mpaka dawati la nyuma. "Tutalimalizia wiki ijayo."

Hilo jambo moja dogo ndilo lililotuletea balaa nyumbani.

Mimi nilichagua cherehani ya Mama. Mama ni fundi cherehani, na ile mashine ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu, ndiyo iliyotulisha, ikatuvisha, ikanilipia ada. Baba ni dereva wa malori; yeye huja na kwenda. Cherehani huwa haiendi popote. Wiki hiyo Mama alikuwa ameagizwa aproni thelathini na mwokaji mikate, mwenye duka jipya kona ya pili, na mwokaji alikuwa amesema wazi: ziwe tayari Jumamosi asubuhi, zote, la sivyo anampa kazi fundi mwingine, hiyo na nyingine zote zitakazofuata.

Kwa kuwa Mama alikuwa na kazi mpaka kwenye nywele, jedwali langu nilimsomea Bibi, mama yake Baba, ambaye anakaa nasi na anaheshimu maandishi kuliko watu wote ninaowajua. Bibi hata pakiti ya chumvi husomewa kwanza kabla haijafunguliwa.

"Soma, mke mwenzangu," akasema, akivuta khanga mabegani kama mtu anayeingia mahakamani.

Nikasoma. Cherehani ilinunuliwa laki mbili, miaka kumi na minne iliyopita. Miaka yake ni kumi, kwa hiyo kila mwaka inashuka elfu ishirini. Mwaka wa kwanza, laki na themanini. Mwaka wa pili, laki na sitini. Nikashuka naye ngazi moja moja mpaka mwaka wa kumi.

"Sifuri," nikasema.

"Maskini," Bibi akasema. "Imejitahidi."

"Mwaka wa kumi na moja, hasi elfu ishirini."

"Hasi ndiyo nini?"

"Ni chini ya sifuri, Bibi. Yaani haina kitu, halafu inazidi kutokuwa nacho."

"Kama mjomba wako."

"Hivyo hivyo. Mwaka wa kumi na mbili, hasi arobaini. Wa kumi na tatu, hasi sitini. Mwaka huu, hasi elfu themanini." Nikamwonyesha mistari miwili, imenyooka kama reli.

Bibi aliitazama ile cherehani pale sebuleni. Mama alikuwa ameinama juu yake, anashona aproni ya sita, hatusikii wala hatuoni, pini nne ziko mdomoni.

"Na mwakani?" Bibi akaninong'oneza.

"Hasi laki moja."

"Inasimama wapi?"

"Mwalimu hajasema pa kusimama."

Bibi akalitazama tena lile jedwali. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi yake, ambayo ni duara moja lenye nukta katikati, akasema polepole: "Basi miaka minne hii tumekuwa tukipiga deki kuzunguka shimo."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Kwa Bibi hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mzaha wake una uso uleule wa ukweli wake.

Jumatano daftari likarudi na vema moja kubwa nyekundu, na maneno: "Mistari mizuri sana!" Baadaye nilikuja kujua kwamba Pande Mbili alikuwa amesahihisha madaftari hamsini na matatu jioni moja, na kwamba macho yake yalikuwa yakikimbilia chini ya jedwali kutazama mistari tu. Lakini siku hiyo sikujua. Nilimpelekea Bibi ile vema kama mtu anayepeleka hati ya kiwanja.

"Kwa hiyo na serikali imekubali," Bibi akasema.

"Mwalimu, Bibi."

"Mwalimu anakula mshahara wa nani?"

Alhamisi nilirudi kutoka shule saa tisa alasiri. Sebuleni palikuwa pamezidi kuwa pakubwa. Nilisimama nikijiuliza ukuta umesogezwa na nani. Aproni kumi na moja zilikuwa zimekunjwa kitini, vitambaa vya nyingine viko mezani vimekatwa tayari, na pale dirishani, mahali pa cherehani, palikuwa na madoa manne ya miguu yake sakafuni na Bibi amekaa kwenye kigoda, anakunywa chai, uso umemng'aa.

"Bibi. Cherehani iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Umeitoa umeipeleka wapi?"

"Amechukua yule bwana wa vyuma chakavu." Akapuliza chai. "Na usidhani nimeibiwa. Kitabu chako kilisema elfu themanini. Mimi nimempa elfu nane tu, akaichukua!"

Nikakaa juu ya aproni kumi na moja.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, kama alivyonisimulia mwenyewe, na fundi redio wa mlango wa pili, aliyeshuhudia yote huku koleo limemganda mkononi, akathibitisha neno kwa neno. Mama alitoka saa sita kwenda kununua uzi na kanda za kufungia. Bwana Vyuma akapita na mkokoteni wake akinadi kwamba ananunua masufuria yaliyotoboka. Bibi akamwita ndani, akamwonyesha cherehani.

"Hii nakupa elfu kumi na tano, Bi Mkubwa," Bwana Vyuma akasema.

"Unipe mimi?" Bibi akashtuka. "Baba, usinione mzee. Hesabu zake ninazo, ni hasi elfu themanini. Nitakupa mimi elfu tano, uitoe."

Bwana Vyuma akaitazama tena ile cherehani. Miaka yote ya biashara yake hakuwahi kukutana na jambo hili. Akadhani ni mbinu.

"Basi elfu ishirini," akasema, "ndiyo mwisho wangu."

"Elfu sita, nami ndiyo mwisho wangu."

"Bi Mkubwa, unanichanganya. Ishirini na tano."

"Saba!"

Fundi redio anasema walipandishana hivyo, kila mtu akiongeza anachotaka kutoa, jasho likiwatoka wote wawili, mpaka Bwana Vyuma akaelewa upepo unavumia wapi. Akaacha kupanda. Akashika kiuno, akasema cherehani ni nzito, mgongo unamuuma, na kwa elfu nane atajikaza. Bibi akampa elfu nane, akamsaidia na kuipakia.

"Bibi," nikasema, "mwokaji anataka aproni thelathini kesho kutwa asubuhi. Ziko kumi na moja. Mama atashonea nini?"

Bibi alishusha kikombe. Nadhani ndiyo mara ya kwanza wazo hilo lilipita kichwani mwake, na lilipita polepole, likiangalia huku na huku.

"Kitabu hakikusema habari za aproni," akasema.

"Mama anarudi saa ngapi?"

"Alisema saa kumi na moja."

Nilimshika Bibi mkono tukatoka. Sikwenda moja kwa moja kwa Bwana Vyuma, kwa kuwa mtu aliyelipwa achukue kitu hawezi kukirudisha kwa sababu msichana wa kidato cha pili amelia. Nilihitaji mkubwa mwenye kalamu nyekundu. Tukapitia shuleni.

Pande Mbili alikuwa peke yake chumba cha walimu, amezungukwa na madaftari, anapima mistari ya mtu kwa rula. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka kwenye elfu nane, akavua miwani.

"Kitu hakiwezi kushuka chini ya sifuri," akasema kwa sauti ya mtu anayeona nyumba ikiungua. "Kikifika sifuri, unasimama! Hilo ndilo jambo dogo nililosema limebaki. Na hata kikiwa sifuri kitabuni, huko nje kinaweza kuendelea na kazi miaka hamsini. Nani aliyekusahihishia upuuzi huu?"

Nikafungua daftari. Akaiona vema. Ilikuwa kubwa, nzuri, na mkia wake ulifika mpaka pambizoni.

"Mistari mizuri sana," Bibi akamsomea, kwa kuwa alikuwa ameyakariri.

Pande Mbili alivaa miwani, akavua, akavaa. Kisha akasimama. "Twendeni," akasema. "Kosa langu nalo lina upande wa pili."

Yadi ya Bwana Vyuma iko nyuma ya gereji, mahali ambapo masufuria, milango ya magari na vitanda vya chuma vimelundikana mpaka huoni uzio. Kabla hatujafika tulisikia sauti niliyoijua tangu tumboni mwa mama yangu: taka-taka-taka-taka. Katikati ya lile lundo, chini ya kipande cha bati, mke wa Bwana Vyuma alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, anashona gunia. Anacheka peke yake kwa raha.

"Shikamoo, Bi Mkubwa!" akamwambia Bibi bila kuacha kukanyaga. "Mashine tamu hii! Imelainika kama siagi!"

Bwana Vyuma alikuwa ameegemea mkokoteni wake, soda mkononi. Alipotuona na mwalimu, alielewa kila kitu, akajipanga.

"Biashara imekwisha," akasema. "Sikuiba, sikudanganya. Niliomba kununua nikakataliwa. Shahidi yupo, fundi redio."

"Ndugu yangu," Pande Mbili akaanza, "kuna tofauti kati ya thamani ya kitabuni na thamani ya sokoni..."

"Mwalimu, mimi darasa la nne nilitoka kupitia dirishani. Niambie kitu kimoja. Bi Mkubwa alisema mashine ni hasi themanini. Ilikuwa hasi themanini au haikuwa?"

"Haikuwa."

"Nani alisema ilikuwa?"

Pande Mbili akatazama viatu vyake. "Kuna vema," akakiri.

"Ahaa! Kuna vema!" Bwana Vyuma akanywa funda la ushindi. "Mimi nani nipingane na vema? Bi Mkubwa alisema ni hasi, mwalimu amesema ni vema, na mimi nimekubali hesabu zenu kama zilivyo. Mke wangu, endelea kushona."

Taka-taka-taka.

Nilitazama jua. Saa kumi ilikuwa inapita. Nilimwona Mama kichwani mwangu, yuko njiani, mfuko wa uzi mkononi, anahesabu: leo nne, kesho kumi na tano. Ikanijia hamu ya kulia. Lakini Bwana Vyuma alikuwa amesema neno moja ambalo halikutoka sikioni mwangu: nimekubali hesabu zenu. Dawa ya moto ni moto.

"Mzee," nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa na nyingine za kuazima, "huu mkokoteni ni wako?"

"Wa kwangu, wa baba yangu kabla yangu."

"Mzuri kweli. Una miaka mingapi?"

"Thelathini!" Akaupiga kofi ubavuni kama farasi. "Baba aliununua elfu sitini, pesa za wakati ule. Umetulea sote."

Nikaokota kipande cha chaki ya kuandikia bei, nikageuza mlango wa gari uliokuwa umelala pale.

"Mwalimu, mkokoteni miaka yake mingapi?"

"Sita," Pande Mbili akajibu papo hapo, kabla hajajua anajibu nini. Walimu ndivyo walivyo, ukiwabonyeza wanatoa.

"Elfu sitini kwa miaka sita, ni elfu kumi kila mwaka. Miaka thelathini ni laki tatu. Sitini toa laki tatu..." Niliandika kwa tarakimu kubwa ili mpaka aliyetoka kupitia dirishani azione. "Hasi laki mbili na elfu arobaini. Mzee, pole sana. Umekuwa ukisukuma shimo."

Bwana Vyuma akaacha kunywa.

Bibi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa hesabu mbovu hana mpinzani. Alizunguka mkokoteni mara moja, akaugonga gurudumu kwa kidole, akapanda juu yake, akaketi katikati, akapanga khanga yake.

"Nauchukua," akasema. "Ila mimi sina tamaa. Nipe laki mbili tu, hizo arobaini nakusamehe."

"Nikupe? Bi Mkubwa, shuka kwenye mkokoteni wangu!"

"Mgongo unaniuma, lakini nitajikaza."

Mkewe aliacha kushona. Aliutazama mlango wa gari, akamtazama mumewe, akamtazama Bibi alivyokaa kule juu kama malkia wa vyuma, akaangua kicheko mpaka ndoo ikamkimbia chini, akaanguka chali juu ya magunia.

"Mwalimu!" Bwana Vyuma akapiga kelele. "Wewe ni mtu mzima. Sema ukweli mbele ya watu. Hesabu hii ya mkokoteni ni sawa au si sawa?"

Hapo nilimwonea huruma Pande Mbili. Namjua. Yule mtu hajawahi kuambiwa mbili na mbili ni tano akakaa kimya, hata kwenye msiba. Nilimkazia macho ya kumsihi: sema sawa, Mwalimu, mara moja tu, Mungu atakusamehe na aproni zitashonwa. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likateremka puani, likaning'inia.

"Si sawa," akasema.

Roho yangu ikadondoka pwa.

"Hakuna kitu kinachoshuka chini ya sifuri. Si mkokoteni," akainua kidole cha kushoto, "si cherehani." Akainua cha kulia. "Makosa haya ni yaleyale, yamefanywa na mtoto yuleyule, na mimi ndiye niliyeyapiga vema. Kwa hiyo, ndugu yangu, chagua. Ukisema hesabu ni mbovu, ni mbovu pande zote mbili: mkokoteni unabaki wako, na cherehani inarudi kwa mwenyewe pamoja na elfu nane. Ukisema ni nzuri, ni nzuri pande zote mbili: kaa na cherehani, mpe Bibi laki mbili, nami nishike mpini tuondoke. Lakini upande mmoja peke yake sikupi. Hata ungeninyonga."

Mahali fulani ndani ya lundo sufuria moja iliteleza ikalia peke yake.

Bwana Vyuma alitazama kushoto, akatazama kulia. Nilimwona midomo ikimchezacheza. Alikuwa anatafuta mlango wa tatu. Haukuwapo.

"Wape mashine yao, mwanamume wewe," mkewe akasema kutoka chini, akijifuta machozi. "Utabeba vyuma kichwani? Ila kwa sharti langu mimi. Nimebakiza magunia sita. Mama yako, binti, atanishonea?"

"Atakushonea, mama," nikasema haraka, nikimwahidia Mama kazi bila kumuuliza, kwa kuwa kosa moja zaidi siku ile lisingeonekana.

Elfu nane zilirudi zikiwa elfu saba na mia tano. Bibi akadai kuiona chupa ya soda. Akaonyeshwa. Akaigeuza, akahakikisha kwamba kweli ni tupu, akasema basi, ya soda atamhesabia kuwa ni nauli, maana mkokoteni tunauazima mpaka nyumbani.

Pande Mbili alisukuma. Mimi nilishika cherehani isianguke. Bibi alikataa kushuka.

"Mwalimu," akauliza tulipofika kwenye mteremko, "na bibi kizee, kitabu chako kinampa miaka mingapi?"

"Watu hatuwahesabii uchakavu, Bibi," Pande Mbili akasema huku akihema.

"Wangehesabiwa, wewe ungekuwa umebakiza kidogo. Sukuma, baba."

Mama alikuwa ametutangulia. Alisimama mlangoni, mfuko wa uzi haujatoka mkononi, uso umesawijika, nyuma yake yale madoa manne sakafuni. Fundi redio alikuwa ameshamsimulia nusu ya kwanza, na kwa bahati mbaya alikuwa hajui nusu ya pili. Mama aliitazama cherehani juu ya mkokoteni. Akamtazama mama mkwe wake aliyeketi pembeni yake. Akamtazama mwanamume mgeni mwenye tai, aliyelowa chapachapa, shati limechorwa kutu kifuani.

"Huyu nani?"

"Mwalimu wangu wa uhasibu, Mama."

"Ndiye mwenye vema?"

"Ndiye mimi, mama," Pande Mbili akasema, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitaja upande wa pili.

Mama hakusema kitu, na mtu akikuambia mama aliyenyamaza ni afadhali, mtu huyo hajalelewa. Tukaishusha tukairudisha dirishani, miguu juu ya madoa yake. Mama alipiga magoti. Alichomoa nyuzi za gunia moja moja kutoka chini ya sindano, akatupa ile sindano iliyopinda, akaweka nyingine, akatia mafuta matundu manne, akauweka mkanda sawa. Sote tulisimama kama watu waliosubiri daktari atoke. Akakaa. Akaweka kitambaa. Akakanyaga.

Ilikwama.

Bibi akafumba macho. Pande Mbili akanong'ona kitu ambacho nadhani kilikuwa jedwali la kuzidisha kwa tatu. Mama akageuza gurudumu kwa mkono, taratibu, nyuma kidogo, mbele kidogo, akakanyaga tena: taka. Taka-taka. Taka-taka-taka-taka, mpaka ikashika mwendo wake, na aproni ya kumi na mbili ikaanza kuteremka upande wa pili kama kawaida.

"Msisimame kama nguzo," Mama akasema bila kuinua kichwa. "Mama, wewe utakunja. Wewe mwenye midomo, kata kanda. Mwalimu, unaweza kukata nyuzi bila kukata kitambaa?"

"Nitajaribu, mama."

"Hujaribu. Unakata."

Akakata. Alikaa kwenye kigoda cha Bibi, magoti yamemfika kidevuni, anakata nyuzi kwa makini kama anayepasua jicho, na kila aproni akiimaliza anaitazama mbele, anaitazama nyuma. Ijumaa baada ya vipindi akarudi mwenyewe bila kuitwa. Jumamosi saa tatu asubuhi mwokaji alikuja, akahesabu, akazikuta thelathini, akavaa moja palepale, akazunguka mbele ya kioo mara mbili, akaagiza kofia thelathini za kufanana nazo. Mama aliandika agizo lile ukutani, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kumwona akitabasamu. Nikashukuru Mungu, nikajua masikio yangu yamesalimika, hayatavutwa tena.

Aproni ya thelathini na moja, ambayo mwokaji hakuiagiza, Mama alimshonea Pande Mbili, kwa sababu kutu ya mkokoteni ilikataa kutoka kwenye shati lake. Jumatatu aliivaa darasani, nyeupe, imefungwa kiunoni kwa fundo zuri, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: UKIFIKA SIFURI, SIMAMA. Tulimtazama watu hamsini na watatu, na hakuna aliyecheka kwa karibu dakika nzima. Halafu Kibonge akanyoosha mkono, akauliza mikate inatoka saa ngapi.